Muulize Sista: Hewa Anayovuta Mgonjwa

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu habari ya madirisha ya wodi yaliyopigiwa misumari, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika, nyingine za hasira. Nimechagua tano. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikuwa nesi wa wodi ya wanaume kwa miaka 31, sasa nimestaafu, niko Tanga na kuku wangu na miwani miwili.

*Shikamoo Sista. Baba yangu ana miaka 71, ni wiki ya pili amelazwa kwa nimonia. Tumemlipia chumba cha vitanda viwili. Kiyoyozi kinanguruma usiku na mchana, dirisha limefungwa, pazia limeshushwa. Mzee wa kitanda cha pili anakohoa mfululizo. Nikifungua dirisha, kaka yangu analifunga. Anasema baba ataingiwa na upepo kifuani, na kwamba kiyoyozi kinasafisha hewa. Manesi nao wanasema tunapoteza ubaridi. Nimwachie kaka ashinde?*
*Binti wa Mzee, Temeke*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Usimwachie.

Kaka yako si wa kwanza kudhani hivyo. Hata mimi nilidhani, mpaka siku fundi aliyekuja kuosha mashine ya ofisi ya matroni aliponiita nichungulie. Kati ya kile kipande cha ukutani na lile boksi la nje linalotema joto, hupita mirija miwili ya shaba yenye gesi, waya wa umeme, na kibomba cha kumwagia maji. Basi. Njia ya hewa haipo. Mashine inavuta hewa ya chumba, inaipitisha kwenye mapezi ya baridi, inairudisha humo humo. Anachovuta baba yako saa 9 alasiri ni kile alichokitoa jirani yake adhuhuri, kimepozwa tu. (Vyumba vya upasuaji ni habari nyingine. Huko kuna mitambo mikubwa inayochukua hewa ya nje, inaichuja na kuisukuma ndani, na hewa ya chumba hubadilika kama mara 20 kwa saa. Kiyoyozi cha chumba cha kulipia hakina ukoo na mtambo ule.)

Kile kichujio anachokisifu kaka yako ni wavu wa plastiki. Unanasa nywele, pamba za mashuka na vumbi nene. Unywele una upana wa kama mikroni 70 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Chembe zinazobeba vimelea vya kifua kikuu, yaani tone la kikohozi likishakauka hewani, ni mikroni 1 hadi 5. Zinapita kwenye wavu ule kama dagaa kwenye nyavu za papa, na zinaweza kuelea saa kadhaa bila kutua. Tena kwa unyevu wa Dar es Salaam, mapezi yale huwa yamelowa muda wote. Mulika kwa tochi ya simu. Ukiona madoadoa meusi, huo ni ukungu, na upepo wa mashine unaupeperushia juu ya kitanda. Waombe waje kuiosha.

Sasa upepo kifuani. Nimonia huletwa na bakteria, virusi, na mara chache kuvu. Upepo haujawahi kuzaa nimonia. Lakini tusimbeze kaka yako kabisa, maana mzee wa miaka 71 akipigwa baridi anateseka, na mwili unaopigana na ugonjwa hauna nguvu ya kutetemeka. Dawa ya baridi ni blanketi na soksi. Florence Nightingale, nesi yule Mwingereza, aliliweka hili mbele ya kila kitu mwaka 1859: hewa anayovuta mgonjwa iwe safi kama ya nje, ila mgonjwa mwenyewe asipate baridi. Wakati huo hakuna aliyekuwa amekiona kimelea cha kifua kikuu. Daktari Mjerumani Robert Koch alikitangaza mwaka 1882. Mama yule aliliona kwa pua na kwa kuhesabu maiti.

Nikupe hesabu uende nayo kwa kaka. Shirika la Afya Duniani linataka wodi ya kawaida ipate lita 60 za hewa mpya kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Tuseme chumba chenu ni mita 4 kwa 3, na dari liko mita 3 juu. Ujazo wake ni mita 36 za ujazo. Kwa wagonjwa wawili hewa yote itoke na mpya iingie mara 12 kila saa. Hewa ikibadilika mara 12 kwa saa, asilimia 99 ya chembe zilizokoholewa zinakuwa zimeondoka ndani ya dakika 23. Ikibadilika mara 2, utasubiri saa 2 na dakika 18, na hapo tumehesabu kama vile jirani alikohoa mara moja akanyamaza. Chumba kilichofungwa, kinachopumulia chini ya mlango tu, sidhani hata hizo mara 2 kinazifikisha.

Ufanye hivi. Kata kipande cha karatasi laini ya chooni, kirefu kama kidole, ukishike penye upenyo wa mlango dirisha likiwa wazi. Kikipepea kuelekea ndani ya chumba, vizuri, hewa inaingia kutoka koridoni na kwenda nje kwa dirisha. Kikipepea kuelekea koridoni, ukiacha mlango wazi unawapelekea wengine kikohozi cha jirani yenu. Hapo dirisha liwe wazi, mlango ufungwe. Baba alale kitanda cha upande hewa inapoingilia. Kisha mfuate nesi wa zamu kando, wakati hana sindano mkononi, umwambie: "Sista, yule baba anakohoa sana, nina wasiwasi. Ameshapimwa makohozi?" Usiulize ugonjwa wake, hiyo ni siri yake. Uliza kama amepimwa. Kikohozi kilichofika wiki mbili kina haki ya kupimwa, na nesi anajua. Na usiingie kwa maneno ya kiyoyozi chenu ni kibovu. Nimekuwa upande ule wa meza, najua maneno hayo yanavyopokelewa.

*Sista, mimi humfukizia mgonjwa ubani asubuhi na jioni, na nimeambiwa niweke vitunguu vilivyokatwa kwenye sahani chini ya kitanda vivute wadudu wa hewani. Inatosha, au niongeze ile dawa ya kupuliza yenye harufu ya waridi?*
*Mama wa Pangani*

Kitunguu kikaange mama, kitamfaa zaidi tumboni. Waridi la kopo linafunika harufu, na harufu ndiyo iliyokuwa ikikwambia hewa imechacha. Ubani naupenda, nyumbani kwangu haukosekani, lakini moshi ni moshi. Kwa mwenye pumu au mapafu yenye nimonia unamkaba. Na penye mtungi wa oksijeni, hata kiberiti usitoe mfukoni, sembuse chetezo.

Ila ubani una kazi moja ambayo watu hawaijui. Siku mgonjwa yuko nje anaota jua na chumbani hamna oksijeni, washa kijiti kimoja cha udi, simama katikati ya chumba, utazame moshi. Ukienda moja kwa moja dirishani, chumba kinapumua. Ukipanda juu, ukajikunja, ukabaki unaning'inia kama wingu, hapo ndipo na kikohozi kinaponing'inia. Mimi nilifundishwa hivyo na bwana afya mmoja, na hakuna mashine iliyowahi kunielewesha zaidi.

*Shikamoo Sista. Mimi ni nesi, mwaka wangu wa pili kazini, wodi ya wanaume. Huku kwetu baridi ya Juni na Julai haina mchezo, wagonjwa wanafunga madirisha yote saa 1 jioni. Barakoa za kawaida zipo, za N95, zile za kuchuja hewa, tunapewa moja moja. Uongozi umenunua taa ya buluu, tumeambiwa inaua vimelea. Mwenzangu mmoja ameanzishiwa dawa za kifua kikuu mwezi huu. Naogopa, na naona aibu kuogopa.*
*Nesi, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Aibu hiyo itupe. Nisikilize kwanza, taa nitaifikia.

Mwaka 1998 wodi niliyokuwa nikifanya kazi ilipigiwa misumari madirisha ya upande wa barabara. Vibaka walikuwa wakipitisha fimbo ndefu yenye ndoana usiku, wanavua mashuka na kanga za wagonjwa. Siwalaumu sana waliopiga misumari, maana hesabu ya mashuka ilikuwa inatushukia sisi. Upande wa pili ulibaki wazi, tukasema yatosha. Haikutosha. Hewa inayoingia upande mmoja na kukosa pa kutokea inazubaa pale mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Wakati huo tulikuwa na kijana mmoja kitanda cha kona, tumemtibu nimonia wiki tatu kabla ya mtu kuandika karatasi ya makohozi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha uji. Miezi mitano baadaye nikaanza kulowa jasho usiku, nikapungua kilo 7, nikajidanganya ni kazi nyingi. Nilimeza dawa miezi 8, maana ndiyo ilikuwa dozi ya wakati ule. Mwenzako sasa atameza 6. Nikapona, nikarudi wodi ile ile. Siku ya kwanza nilikwenda na koleo nikang'oa misumari mwenyewe. Mashuka tuliyafunga kamba kwenye vitanda.

Ninachotaka ukione hapo ni kijana wa kona. Mgonjwa ambaye ameshajulikana na ameanza dawa zinazomfaa, hatari yake inashuka haraka. Anayetuambukiza ni yule ambaye hajajulikana, au anayetibiwa kwa dawa zisizomfaa. Huko Tugela Ferry, Afrika Kusini, mwaka 2005 na 2006, kifua kikuu sugu kupita kiasi kiliwakuta wagonjwa 53, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi, wakafa 52. Baadhi ya waliokufa walikuwa wahudumu wa afya. Kwa hiyo silaha yako ya kwanza ni kalamu: andika "kikohozi, siku ngapi" kwa kila anayelazwa, usiku huo huo.

Ya pili, barakoa zako za kawaida mvalishe anayekohoa. Afrika Kusini walifanya jaribio, likachapishwa mwaka 2012: hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu ilipelekwa kwa bomba kwenye vyumba viwili vya simbilisi (wanyama wadogo wa maabara), 90 kila chumba. Chumba kimoja kilipata hewa ya siku ambazo wagonjwa wamevaa barakoa za upasuaji, kingine ya siku ambazo hawakuvaa. Simbilisi walioambukizwa walikuwa 36 upande wa barakoa na 69 upande wa pili. Barakoa ile ile ukiivaa wewe haikusaidii hivyo, kwa sababu hewa inaingia pembeni mwa mashavu. N95 ndiyo yako, na inafaa ikiwa imebana uso. Itunze kwenye bahasha ya karatasi, usiiweke mfuko wa nailoni ikalowa. Ikilegea mpira, omba nyingine bila kuona haya.

Taa. Wazo lenyewe ni la kweli na la zamani. Pale Baltimore, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti Riley na Wells walipeleka hewa ya wodi ya kifua kikuu kwa simbilisi hivyo hivyo, sehemu moja ya bomba ikiwa na mwanga wa urujuanimno. Simbilisi wa upande wa mwanga hawakuambukizwa. Lakini mwanga unaofanya kazi hiyo, ule wa nanomita 254, jicho halitambui. Buluu unayoiona inaweza kuwa rangi ya kioo tu. Taa halisi hufungwa juu, zaidi ya mita 2 kutoka sakafuni, ikiwa na vibamba vinavyoelekeza mwanga darini usiwachome watu macho na ngozi. Inahitaji feni ya dari ipandishe hewa ya chini ipite mbele yake. Na ikishika vumbi inakuwa pambo. Kama yenu imesimamishwa kwenye kona inawaangalia wagonjwa usoni, muombe mganga mfawidhi aizime mpaka fundi anayeijua aje.

Kuhusu baridi: usifungue yote, wagonjwa watakuchukia na watafunga ukigeuka. Fungua ya juu ya pande zote mbili, yanayotazamana, hata shubiri moja. Gawa mablanketi kabla ya kufungua, usigawe baada ya kulalamikiwa. Wanaokohoa walale mwisho ule ambao hewa inatoka kwenda nje. Na mwenzako mpelekee matunda. Mimi waliokuja kuniona walikuwa wawili.

*Sista, mimi ni mwanakamati wa ujenzi wa zahanati kijijini kwetu. Fundi anataka madirisha ya alminiamu ya kuteleza na dari la jipsamu lililoshushwa, anasema ndiyo ya kisasa. Wazee wanataka madirisha makubwa ya mbao kama ya misheni. Tumegawanyika.*
*Mwanakamati, Handeni*

Wape wazee kura yangu. Dirisha la kuteleza, ulifungue utakavyo, nusu moja hubaki imefunikwa na nusu nyingine. Umenunua dirisha la mita mbili, umepata mita moja. La kufunguka nje, au la vioo vya vibamba, hukupa karibu tundu lote.

Mambo haya yamepimwa. Huko Lima, Peru, waliingia vyumba 70 vya hospitali 8, matokeo yakatoka mwaka 2007. Madirisha na milango vikiwa wazi, hewa ya majengo ya kabla ya 1950, yenye dari refu na madirisha mapana, ilibadilika mara 40 kwa saa. Majengo ya miaka ya 1970 hadi 1990, mara 17. Vyumba vyenye mitambo ya kupitisha hewa vilikuwa vimewekwa viwe na 12. Hatuhitaji kwenda Peru, hata hivyo. Mkienda Dar es Salaam pitieni hospitali ya Ocean Road, waliyoijenga Wajerumani mwaka 1897: dari juu kabisa, varanda pana, uso baharini. Na Kibong'oto, chini ya Kilimanjaro, ilianza kupokea wagonjwa wa kifua kikuu miaka ya 1920, kabla ya streptomaisini, dawa ya kwanza ya ugonjwa huo, kugunduliwa mwaka 1943. Hewa na jua na chakula ndivyo vilivyokuwa dozi.

Madirisha yawe kuta mbili zinazotazamana. Dari liwe mita 3 au zaidi. Wekeni nyavu za mbu, malaria haijahama Handeni, lakini ziwe za kuchomoa, na awepo mtu wa kuzifua. Wavu uliojaa vumbi ni ukuta. Na chumba cha kusubiri futeni kwenye ramani. Anayekohoa na mwenye mtoto wa surua wasikae chumba kimoja, maana virusi vya surua hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Jengeni benchi refu chini ya mwembe, mweke paa la bati kwa siku za mvua. Pesa itakayobaki nunueni mizani ya watoto.

*Shikamoo Sista. Nasomea maabara. Nilitega sahani za vyakula vya bakteria wodini, saa moja kila sahani, mita 1 kutoka sakafuni na mita 1 kutoka ukutani. Saa 1 asubuhi sahani zinaota makundi mengi sana, saa 9 alasiri machache. Wodi inakuwa chafu asubuhi? Na mbona kifua kikuu hakikuota?*
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba. Umetega vizuri kuliko wengi.

Saa 1 asubuhi ndipo mashuka yanapokung'utwa. Kila mtu anapukutisha magamba madogo ya ngozi, na juu ya magamba hayo wamepanda bakteria akina stafilokokasi. Shuka moja likipigwa hewani, unawarusha wote. Ongeza mhudumu anayefagia kwa ufagio mkavu badala ya kupiga deki kwa kitambaa kibichi, na ndugu ishirini walioleta chai. Matroni wetu wa zamani hakuruhusu kidonda kifunguliwe mpaka ipite saa nzima baada ya kutandika vitanda. Tulimwona mkali bure. Sahani zako zimempa haki yake. Makundi yenye manyoya, ya kijani au meusi, hayo ni kuvu. Ukiyaona yamezidi, uliza kama kuna ukarabati jirani, maana vumbi la ukuta unaobomolewa hubeba kuvu aitwaye asipajilasi, naye ni hatari kwa wagonjwa ambao kinga yao imeanguka kwa dawa za saratani.

Kifua kikuu hakiwezi kuota hapo. Chakula hicho sicho chake, tena chenyewe huchukua wiki kadhaa kuota hata kikipewa chakula chake, na chembe zinazokibeba ni nyepesi mno kudondoka kwenye sahani ndani ya saa moja. Kwa hiyo usije ukamwandikia mtu ripoti kwamba wodi ni salama kwa sababu sahani ni safi.

Fanya jambo moja. Mwombe sista wa wodi, siku tatu mashuka yakunjwe polepole kuelekea ndani badala ya kukung'utwa, na sakafu ipigwe deki. Tega saa ile ile, sehemu ile ile, madirisha yakiwa vile vile. Hesabu, kisha niandikie.